Katiba ya Jirani ni Habari ya Soko

Wafanyabiashara wa Kigoma na Ujiji hufuatilia kwa makini bei ya mafuta, nauli za maboti na thamani ya faranga ya Burundi. Jambo moja huwaachia wanasiasa: katiba ya jirani. Hilo ni kosa, na gharama yake imekwishalipwa zaidi ya mara moja.

Machi 1992 Warundi walipitisha kwa kura ya maoni katiba ya vyama vingi, na Juni 1993 wakachagua rais na wabunge. Oktoba mwaka huo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita ikaanza. Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa mapinduzi, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Kwa bandari inayotegemea shehena ya Bujumbura, hilo lilikuwa pigo.

Katiba ya 2005 nayo ilipitishwa kwa kura ya maoni, lakini iliacha swali: je, kipindi cha kwanza cha Pierre Nkurunziza, aliyechaguliwa na Bunge badala ya wananchi, kinahesabiwa? Swali hilo la wanasheria lililipuka Aprili 2015. Kufikia Mei, makumi ya maelfu ya wakimbizi walikuwa wamejazana Kagunga, kipindupindu kimeingia, na MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma. Uchaguzi wa wabunge ulifanyika Juni 29 katika hali hiyo.

Ni dhahiri kwamba hatari haianzi siku ya kura. Huanza pale kifungu kimoja kinapobeba tafsiri mbili. Ukimya nao si dhamana. Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilipata viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Bunge lisilo na mpinzani halimpi mfanyabiashara dalili ya mapema ya manung'uniko yaliyoko mitaani.

Katiba iliyopitishwa Mei 2018 ilirefusha kipindi cha rais kuwa miaka 7. Rais Evariste Ndayishimiye alichaguliwa Mei 2020, hivyo kura inayofuata ya urais inatarajiwa 2027. Kuelekea tarehe hiyo, anayeuza chumvi ya Uvinza au saruji ng'ambo apunguze mali ya mkopo, adai fedha taslimu na asirundike faranga. Faida itapungua, lakini mtaji utabaki. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mpaka ukifungwa, matanga huwa ya aliyekopesha.