Aliyekuandikia Ndiye Mwenye Haja



Siku hizi haupiti mwezi bila mwanachama kijana kuingia katika ofisi ya tawi letu hapa Kampala ameshika simu mkononi, uso unang'aa na wasiwasi umemjaa kwa wakati mmoja. Ameandikiwa. Mtu asiyemjua, anayejitambulisha kuwa mtafutaji wa wafanyakazi kwa niaba ya kampuni fulani ya ng'ambo, amesoma habari zake katika mtandao wa LinkedIn, amependezwa na kazi yake ya kuandika programu za kompyuta, na anauliza kama wanaweza kuzungumza Alhamisi. Kijana hakuomba kazi wala hakutuma barua popote. Sasa anatuuliza: “Mzee, nijiandae vipi?”

Swali ni zuri, lakini sisi wakubwa tumezoea kulijibu nusu. Tunamwambia akasome, akeshe, arudie hesabu za chuo alizozisahau. Anakwenda usailini kama mwanafunzi anayekwenda mtihanini, na mwanafunzi hamwulizi mwalimu swali. Nusu ya pili ya matayarisho, ile inayomhusu mwajiri, haiguswi. Naieleza hapa kwa sababu mimi mwenyewe niliigharimia.

Nilikuwa nimefanya kazi katika mitambo ya simu miaka 19, na miaka ya mwisho nikiandika programu za kusimamia mitambo hiyo, nilipopata ujumbe wa namna hii. Nilisoma usiku kwa wiki tano. Mke wangu aliwaambia majirani kwamba nimeokoka na nasoma Biblia. Siku ilipofika, vijana wawili wenye adabu walinitokea kwenye kioo cha kompyuta, wakanipa swali na dakika 45. Nikanyamaza. Fundi aliyenifundisha kazi hakupenda mtu afungue mdomo kabla hajaona waya umekatika wapi, nami nimekuwa hivyo tangu ujana. Kwa dakika 20 vijana wale walitazama kipara changu kimeinama. Nilipopata jibu, muda ulikuwa umekwisha. Baada ya siku tatu nilipata barua ya mistari miwili.

Kushindwa si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba hata leo sijui kazi ile ilikuwa ya mshahara gani, ya mkataba wa namna gani, wala ningekuwa chini ya nani. Wiki tano za usingizi wangu nilimpa mtu ambaye sikumwuliza hata swali moja.

Tuanze na nusu inayojulikana. Usaili wa kazi za kompyuta katika makampuni makubwa hauulizi sana ulichofanya kazini. Unapewa fumbo dogo, ulitatue mbele ya macho ya watu huku ukisema unalofikiri. Chukua mfano huu. Una risiti 10,000 za duka, na unatakiwa kupata risiti mbili ambazo jumla yake ni shilingi 50,000 kamili. Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kushika risiti moja na kuilinganisha na nyingine zote, halafu ya pili, halafu ya tatu. Hiyo ni karibu milioni 50 za kulinganisha. Njia bora ni kuwa na daftari: unaposhika risiti ya 18,000, unatazama kama 32,000 imeshaandikwa humo. Kama haimo, unaandika 18,000 yako na kuendelea. Risiti 10,000, unazipitia mara moja tu.

Msaili hataki jibu tupu. Anataka usikike ukiuliza kwanza: je, risiti moja inaweza kuhesabiwa mara mbili? Je, kama hakuna jozi hata moja, nirudishe nini? Kisha useme njia ya kwanza ingawa ni mbovu, ueleze ubovu wake, upendekeze daftari, na ukubali wazi kwamba daftari linakula nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Mwisho ujaribu jibu lako kwa risiti tatu nne na kwa bunda lisilo na risiti yoyote. Anayefanya hivyo na kukosea mahali pamoja huonekana bora kuliko aliyenyamaza akapata.

Je, mtihani huu ni wa haki? Kwa maoni yangu, si wa haki sana. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu inayotumiwa na mafundi wengi wa kompyuta duniani, alieleza hadharani kwamba Google ilimkataa kwa sababu hakuweza kugeuza ubaoni mchoro wa mti wa matawi mawili mawili. Na mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, pamoja na mwenzao wa kampuni ya Microsoft, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 48. Baadhi walitatua fumbo ubaoni mbele ya msaili, wengine kila mmoja peke yake chumbani bila kutazamwa. Uwezo wa wale waliotazamwa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kinachopimwa pale kwa sehemu kubwa ni uoga.

Lakini uoga una dawa, nayo haipatikani kwa kukesha peke yako. Mtu anayejifungia chumbani miezi miwili anazidi kujua mafumbo, ila hajazoea kutazamwa. Ndiyo sababu tawi letu lilinunua ubao. Kila Jumamosi vijana sita au saba hukutana. Mmoja husimama, mwingine huwa msaili, waliobaki hunyamaza na kuandika makosa. Mwanzoni walikuwa wakichekana, na binti mmoja alilia. Baada ya wiki nne hakuna aliyejali kutazamwa. Mimi mwenyewe nimesimama pale mara mbili, na kipara kimeinuliwa.

Sasa nusu ya pili.

Mtu akikuandikia kabla hujamwandikia, mwenye haja ni yeye. Usivimbe kichwa, kwa maana huenda barua hiyo hiyo ameipeleka kwa wengine hamsini. Hata hivyo ana nafasi inayomsumbua, na mawakala wengi hulipwa na mwajiri asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa yule atakayeajiriwa. Ukishindwa, naye amekosa. Kwa hiyo mwulize bila haya: usaili una hatua ngapi, kila hatua ni ya dakika ngapi, maswali ni ya namna gani, nitatumia lugha gani ya programu? Wengi hujibu vizuri kabisa, na wengine hutuma karatasi ya maelekezo. Mwombe na siku za kujiandaa. Wiki mbili tatu si kitu cha ajabu kuombwa, wala hakuna sheria inayosema Alhamisi lazima iwe Alhamisi hii.

Halafu mwulize kazi yenyewe ni nini. Linaonekana swali la mtoto, lakini wako watu ambao walihama nchi zao bila jibu lake. Februari 2022 gazeti la TIME la Marekani lilieleza habari za vijana wa nchi mbalimbali za Afrika walioajiriwa Nairobi na kampuni ya Sama kuchuja picha na maandishi kwa niaba ya Facebook. Baadhi yao walisema waliitwa kwenye kazi iliyotajwa kuwa ya kupokea simu za wateja. Daniel Motaung, aliyetoka Afrika Kusini, alisema hakuelezwa sawasawa kwamba angetazama picha za mauaji kila siku. Alijaribu kuwaunganisha wenzake, akafukuzwa, na Mei 2022 akafungua kesi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikubali kwamba kampuni mama ya Facebook inaweza kushtakiwa katika mahakama za Kenya. Katikati ya hayo, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi kama hizo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Tunawapongeza. Lakini swali moja lililojibiwa kwa maandishi kabla ya safari lingeokoa machozi mengi.

Swali la tatu ni la mkataba: nitakuwa mwajiriwa, au mtaniita mkandarasi huru? Vijana hulipuuza kwa sababu mshahara unaotajwa ni wa dola. Hapa Uganda mwajiri anatakiwa kuchangia asilimia 10 ya mshahara katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na mfanyakazi asilimia 5. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, wajibu huo ni wa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Ukiitwa mkandarasi, ile asilimia 10 imekwenda. Kwa mshahara wa shilingi milioni 3, hizo ni shilingi 300,000 kila mwezi, mbali na likizo, ugonjwa na uzazi. Pengine malipo yatafidia yote hayo. Pengine hayatafidia. Utajuaje kama hukuuliza? Na ukiulizwa sasa unapata kiasi gani, huna deni la kujibu. Rudisha swali, uulize nafasi hiyo wameitengea kiasi gani.

Kuna pia hii desturi ya kumpa mtu kazi ya kufanya nyumbani kama sehemu ya usaili. Kazi ya saa mbili tatu siigombi. Lakini mwanachama wetu mmoja alipewa programu nzima ya kutunza ghala, akaifanya siku tisa, akaituma, na hakusikia neno tena. Mimi naita hiyo kazi bila malipo, na wa kulisema neno hilo kwa niaba yake ni chama, maana yeye peke yake hawezi. Napendekeza tawi liwe na kauli moja: inayozidi saa nne ilipwe, au ipunguzwe. Kama ni wakala anayekudai wewe pesa ili akupeleke usailini, ondoka. Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira hamtozi mfanyakazi, na ruhusa ya kwenda kinyume inatolewa kwa masharti na kwa kazi maalumu tu.

Tena msifungue mafaili ya hao wageni katika kompyuta za kazini. Machi 2022 mtandao wa Ronin, unaohudumia mchezo wa kompyuta wa Axie Infinity, uliibiwa fedha za kidijitali zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600. Baadaye iliripotiwa kwamba fundi mmoja wa kampuni yake alifanyiwa usaili wa uongo wa hatua kadhaa, akatumiwa barua ya ajira, na alipoifungua wezi wakaingia. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilisema wizi huo ni wa kundi la Korea Kaskazini.

Najua jibu la baadhi yenu: mwenye njaa hachagui, na kijana akiuliza maswali mengi atapitwa na asiyeuliza. Sikatai kwamba hutokea. Binti yule aliyelia ubaoni aliuliza kuhusu mkataba katika mazungumzo ya kwanza kabisa, na wakala hakuandika tena. Alisikitika, nasi tulisikitika pamoja naye. Miezi minne baadaye alipata ujumbe mwingine, akauliza maswali yale yale, akajibiwa kwa maandishi, akapita hatua tatu, akaanguka ya nne. Sasa ana karatasi ya ukurasa mmoja yenye maswali waliyomwuliza na majibu waliyompa kuhusu mshahara na mkataba. Ameibandika ukutani karibu na ubao, na wengine wawili wameshaongeza zao chini yake.

Ubao uko chumba cha nyuma, Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Chaki zimekwisha, mwenye nazo aje nazo.

Katibu wa Tawi