AC ya 24,000 kwenye chumba cha Kibokoni? Acheni hizo

Watu wa Mji wa Kale, leo mtanikasirikia na iwe. Huu mtindo wa kununua AC saizi ya ukumbi wa harusi halafu kuifunga kwenye chumba cha kulala cha Kibokoni ni ujinga, na tunaulipia mara tatu: dukani, kwenye tokeni za stima na kwenye kuta.

Ukiingia dukani unaulizwa bajeti yako ngapi. Hakuna anayekuuliza chumba kina ukubwa gani. Fundi naye: "Chukua kubwa tu bosi, itapoesha haraka." Sasa hiyo haraka ndiyo shida yenyewe!

AC ina kazi mbili, kupoesha hewa na kuikausha, na kwa Mombasa hii ya pili ndiyo muhimu. Joto letu la Machi ni nyuzi 32, 33 hivi. Kuna miji duniani inapata zaidi ya hapo na watu wanalala. Kinachotumaliza sisi ni ufukuto. Ule unyevu hutoka pale hewa inapopita kwenye koili baridi, ikawa matone, matone yakateremka kwa paipu hadi nje. Inataka muda. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inafikisha nyuzi 24 kwa dakika chache, kompresa inazima, feni inaendelea, na maji yaliyobaki kwenye koili yanarudishwa chumbani. Punde inawaka tena. Washa zima, washa zima, usiku kucha. Unalala kwenye baridi yenye majimaji, shuka kama zimeanuliwa kabla hazijakauka, halafu unateremsha rimoti mpaka 18 ukidhani baridi haitoshi. Tokeni nazo zinateremka. Wastani wako ukipita uniti 100 kwa mwezi, ujue na bei ya kila uniti inapanda.

Na nyumba zetu si za mawe ya bloku kama za Nyali. Ukuta ni matumbawe na chokaa, mnene kama nusu mita, unavuta unyevu na kuutoa. Umeshaupiga plasta ya simiti na rangi ya mafuta, ukafunga madirisha, ukaweka mashine isiyokausha. Huo unyevu uende wapi? Kuvu inaota nyuma ya kabati, mtoto anakohoa, kisha mnasema nyumba ina mashetani.

Hesabu yenyewe haihitaji injinia. Pima mita za mraba, zidisha kwa BTU 600, kisha ongeza kwa dari ndefu. Vyumba vyetu ni vyembamba, maana upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, mita 3 au pungufu. Chumba cha 3 kwa 4 ni mita 12, yaani BTU 7,200. Dari iko juu, basi chukua 9,000 umemaliza. Sebule ya orofa ya juu, chini ya mabati, jua la alasiri linaipiga na wageni hawaishi? Hapo 18,000 ni haki yako, sikatai. Lakini ghorofa ya chini, kwenye kichochoro ambacho jua lenyewe linaingia kwa ruhusa, 24,000 ni ya nini?

Najua mtakuja na inverter. Ni kweli inapunguza mwendo badala ya kuzima kabisa, na ni bora. Ila nayo ina kiwango cha chini isichoweza kushuka. Ukizidisha sana, unarudi palepale.

Halafu kuna jirani. Ile ya nje ya 24,000 inaweza kupita kilo 40, inatetemeka, na mnaining'iniza kwa skurubu kwenye matumbawe ya tangu enzi za mababu, kando ya roshani ya nakshi, kwenye mji ulio chini ya hifadhi rasmi tangu 1990. Inapuliza moto kwenye dirisha la mtu wa mkabala, hatua tatu tu. Ifungeni juu ya dari au uani. Na ile paipu ya maji iteremsheni mpaka chini kabisa. Kuna watu wanapita hapo na kanzu nyeupe wakienda swala ya Ijumaa.