Je, Mtandio ni Silaha?

Ndugu msomaji, tarehe 30 Julai 2023, katika mji wa Adelaide huko Australia, beki wa Moroko, Bi Nouhaila Benzina, aliingia kiwanjani akiwa amejifunika kichwa chake kwa hijabu. Kabla yake hapakuwa na mwanamke aliyepata kucheza Kombe la Dunia la wakubwa katika vazi hilo. Siku hiyo Moroko iliifunga Korea ya Kusini bao 1 kwa 0, ukawa ndio ushindi wake wa kwanza katika kombe hilo. Mchezo ulianza, ukesha, na wala hakuna aliyekabwa shingo na kitambaa.

Nataja shingo kwa makusudi. Maana ndiyo hoja tuliyolishwa miaka mingi. Mwaka 2007 bodi inayotunga sheria za mpira duniani ilisema kwamba mtandio haumo katika mavazi yanayoruhusiwa. Na FIFA ikashikilia kuwa ni hatari kwa usalama. Tarehe 3 Juni 2011, mjini Amman, wasichana wa Iran walikuwa tayari kucheza na Jordan, wakiitafuta nafasi ya kwenda Michezo ya Olimpiki ya 2012. Wakazuiwa kwa ajili ya vichwa vyao kufunikwa, na Jordan ikapewa ushindi wa mabao 3 pasipo mpira kupigwa. Wengine walilia pale pale.

Kisha ikawaje? Mwaka 2012 bodi ile ile iliruhusu mtandio kwa majaribio, na madaktari hawakuonyesha maandiko yoyote ya kitabibu juu ya mchezaji aliyeumizwa nao. Tarehe 1 Machi 2014, mjini Zurich, ruhusa ikathibitishwa. Sasa hesabu nawe, msomaji. Benzina alizaliwa mwaka 1998. Msichana wa rika lake aliyekataa kuvua mtandio alifungiwa mlango wa mechi za kimataifa akiwa hajatimiza miaka 9, akafunguliwa akiwa na 15. Je, mchezaji hupewa ujana mara mbili? Nani atawalipa wale ambao miaka yao iliishia nje ya kiwanja, kwa hofu ya jambo ambalo halijapata kutokea?

Walakini ajabu kubwa iko Ufaransa. Tarehe 29 Juni 2023, mwezi mmoja tu kabla ya siku ile ya Adelaide, Baraza la Dola la nchi hiyo liliamua kuwa chama chao cha mpira kina haki ya kukataza hijabu katika mashindano yake, ili mechi ziende bila rabsha. Angalia jinsi sababu ilivyobadilishwa nguo! Jana ilikuwa shingo, leo ni rabsha. Marufuku ni ile ile. Na tarehe 8 Agosti Benzina alicheza na Ufaransa yenyewe. Moroko ilifungwa mabao 4 kwa 0, nayo rabsha haikutokea. Yaani anayefaa kukabiliana na timu ya taifa lao mbele ya dunia nzima, hafai kucheza mechi ya mtaani kwao! Na hao ndio wanaosema wanamkomboa mwanamke. Anayemchagulia mtu nguo kwa nguvu hajamkomboa; amembadilishia bwana tu.

Lakini tusiwacheke wenzetu huku nyumba yetu inavuja. Wako miongoni mwetu wazazi na walimu wanaomwambia binti: “Wewe umevaa mtandio, mpira wa nini?” Kule wanasema, vua ndipo ucheze. Huku tunasema, umevaa basi usicheze. Maneno ni mawili, mlango unaofungwa ni mmoja. Nasi hao hao tunasoma kuwa Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), na siku moja akamshinda!

Basi, ndugu msomaji, akikujia binti yako na mtandio wake kichwani na viatu vya mpira mkononi, usimchagulishe kati ya hivyo viwili. Mtafutie kiwanja chenye stara, mwalimu mwaminifu na saa isiyogongana na sala wala masomo. Hiyo ndiyo kazi ya mzazi. Kazi ya kufunga milango ina watu wengi mno tayari.