Usukani Haunywi Oili



Kila alfajiri tunapanda lori, wanaume kwa wanawake, kwenda kuchuma chai au kukata miwa. Maisha yetu sote yamo mikononi mwa dereva, na dereva naye anautegemea usukani. Kwa hiyo usukani si jambo la gereji peke yake. Ni jambo la chama.

Katika shamba moja hapa Uganda, dereva mwenzetu alimwambia nyapara mara tatu kwamba usukani umekuwa mzito. Kila mara alipewa kopo la oili akaambiwa aendelee na safari. Mara ya nne alikataa kuteremka mlima na watu nyuma. Akaandikiwa barua ya onyo kuwa ni mvivu. Sisi twasema hakuwa mvivu. Alikuwa ameona hatari kabla ya wakubwa wake.

Usukani wa lori husaidiwa na pampu inayozungushwa na injini. Pampu husukuma oili kwa nguvu kupitia mipira mpaka kwenye boksi la usukani, kisha oili hurudi katika kikopo chake. Huzunguka humo humo, haiungui kama dizeli. Basi ikipungua, ujue imevuja. Anayeongeza oili kila wiki bila kutafuta inapovujia hatengenezi gari, anaficha ugonjwa.

Dalili zinajulikana. Pampu ikilia gari linapokata kona, au oili ikifanya povu, oili imepungua au hewa imeingia. Mkanda wa pampu ukipiga kelele, umelegea au umekwisha. Usukani ukiwa mzito pande zote, aanze kutazama upepo wa matairi ya mbele, oili na mkanda. Ukiwa mzito upande mmoja tu, alishuku boksi. Magurudumu ya mbele yakiinuliwa kwa jeki, na bado ni magumu kugeuka, fundi atazame kingpini na viungo vilivyokosa grisi kabla ya kulaumu pampu. Na usukani ukicheza bure kabla magurudumu hayajaitika, viungo au boksi limelika. Hapo oili haisaidii kitu.

Tahadhari mbili. Msipapase mpira unaovuja kwa mkono injini ikiwa inanguruma, maana oili yenye nguvu hupenya ngozi. Tumieni kipande cha boksi la karatasi. Pili, asikubali dereva yeyote kuzima injini mteremkoni ili kuokoa dizeli. Injini ikizimika pampu husimama, usukani huwa mzito ghafla, na breki za upepo hazijazwi tena.

Tajiri atasema spea ni ghali. Lakini sili au mpira mmoja ni bei ndogo kuliko pampu nzima, na pampu inayokosa oili hujila yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena spea za lori zina duka, za mgongo wa mtu hazina.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wetu kazini. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe isivyo haki.

Lakini nasi tujikosoe. Kwa kuwa tunalipwa kwa kilo, dereva akisita ni sisi tunaopiga makelele nyuma: "Twende, tumechelewa!" Kwa makelele hayo tunamsaidia nyapara kumsukuma mwenzetu.

Tunadai kila lori liwe na daftari. Dereva aandike ubovu, nyapara atie sahihi, na mjumbe wa kamati alisome kila wiki. Neno la mdomo hukanwa, lakini sahihi haikanwi. Tunadai pia siku ambayo lori limesimama kwa ubovu isikatwe katika mshahara wetu, kwani ubovu si wetu.

Na siku dereva atakaposema "Lori hili haliendi," tushuke wote pamoja, tusimame karibu naye.

Umoja ni nguvu.