Msumeno wa Betri Uliokwishatumika
Anayenunua msumeno wa betri uliokwishatumika, kwa ajili ya kupogolea miembe na miparachichi ya uani, hana budi kuanza na betri, kwani ndiyo huchakaa mapema: betri ya lithiamu ya volti 18 huundwa kwa seli, yaani vyumba vidogo vya kuhifadhia umeme, zilizounganishwa kwa mfuatano, na moja ikidhoofika betri nzima huishiwa nguvu haraka, hata taa zikionyesha kuwa imejaa. Kwa hiyo msumeno ujaribiwe kwenye tawi bichi, wala si hewani tu; hapo pia makali ya mnyororo wake wa kukatia hujulikana, kwa kuwa mnyororo mkali hutoa vipande vidogo vya mti ilhali ulio butu hutoa vumbi laini. Mnyororo butu hunolewa kwa tupa, lakini betri iliyovimba ikataliwe papo hapo, maana huweza kuwaka moto.