Glasi ya hotelini na kilo ya zabibu ya Dodoma

Baadhi ya hoteli za kifahari nchini, kuanzia Dar es Salaam na Zanzibar hadi zile za mbugani, huuza chakula cha jioni ambacho mgeni hachagui anachokula. Mpishi mkuu ndiye anayeamua. Zinakuja sahani ndogondogo, tano, saba au hata kumi, moja baada ya nyingine: kipande cha pweza kwenye tui la nazi, supu ya vijiko vitatu, nyama ya kutosha kuonja tu. Kila sahani huja na mvinyo wake kwenye glasi, kidogo tu, uliochaguliwa na mtaalamu ili ladha ya kinywaji na ya chakula ziendane. Meza inaweza kuchukua saa tatu.

Msikilizaji wa Hombolo, Mpunguzi au Chamwino anaweza kuuliza: hilo linanihusu nini? Linamhusu kwa sababu yeye analima zabibu, na mvinyo unaomiminwa kwenye glasi hizo mara nyingi umetoka Afrika Kusini, Italia au Ufaransa. Hapo hapo, kila msimu tunasikia kilio kile kile cha wakulima wa Dodoma: zabibu zimeiva, mnunuzi haonekani, na zabibu ikishaiva haina subira kama mahindi.

Tuanze na hesabu. Chupa ya kawaida ya mvinyo ina mililita 750, na kuitengeneza kunahitaji zabibu kilo moja na robo hivi, kutegemea aina na mashine. Tuchukue kilo 1.2. Tuseme mkulima ameuza kilo kwa shilingi 1,500; hiyo ni bei ya mfano, wewe weka ya kijijini kwako. Zabibu za chupa nzima ni shilingi 1,800. Katika chakula cha kuonja, glasi moja huwekewa mililita 75 hivi, kwa hiyo chupa inatoa glasi kumi. Sehemu ya mkulima katika kila glasi ni shilingi 180. Mgeni anailipia maelfu.

Sisemi kwamba tofauti yote ni wizi. Kuna kiwanda, chupa, kodi, usafiri, umeme wa kupoza, mshahara wa mhudumu na kodi ya jengo lenye bahari dirishani. Lakini mkulima akijua hesabu hii, anajua pia pesa ziko wapi: zimekaa mwisho wa safari, karibu na meza, mbali na shamba.

Je, hoteli hizi zinaweza kumaliza tatizo la soko? Hapana, na anayewaambia wakulima hivyo anawadanganya. Chukua meza ya wageni 20, kila mmoja akapewa glasi moja ndogo ya mvinyo wa Dodoma. Hiyo ni lita moja na nusu, yaani chupa mbili, yaani zabibu kilo 2.4. Haijazi hata ndoo. Tani moja ya zabibu inatoa chupa zaidi ya 800, na shamba la ekari moja lililotunzwa vizuri linavuna tani kadhaa. Soko la wingi litabaki kuwa viwanda, maduka, baa na harusi.

Kinachouzwa mezani pale ni jina. Kwenye orodha ya vinywaji huandikwa aina ya zabibu, mwaka na eneo ilikolimwa. Wenzetu wa Afrika Kusini wamejenga jina hilo kwa muda mrefu: mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa mwaka 1659. Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari katika miaka ya 1950, juzi tu. Halafu kiwanda cha umma cha DOWICO kilipoanguka, wakulima wakakosa mnunuzi wa uhakika kwa miaka. Jina halijengwi hivyo.

Hata hivyo, tuna kitu cha kuuza. Chenin blanc, zabibu nyeupe inayolimwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote Afrika Kusini, inalimwa pia Dodoma. Mvinyo wake una uchachu unaokata mafuta ya nazi, ndiyo maana unafaa sana kwa chakula cha pwani. Tunayo pia nyekundu yetu inayoitwa Makutupora, jina la mahali kilipo kituo cha utafiti. Na Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, wakati Ulaya huvuna mara moja. Mavuno ya kiangazi ndiyo huwa safi zaidi, kwa sababu ya mvua hushambuliwa na ukungu.

Kinachokwamisha ni nini? Hoteli inataka chupa ya leo ilingane na ya mwezi ujao. Kwetu zabibu huchumwa, hukaa juani kusubiri gari, hufika kiwandani zimeshaanza kuchacha zenyewe. Mkulima asiye na mnunuzi naye hukamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa bei ya kutupa, na ubora wake hutegemea mapipa aliyonayo. Halafu mvinyo wetu mwingi unaojulikana mtaani ni mtamu, wakati mtaalamu wa hotelini hutafuta zaidi ule mkavu, usio na sukari. Hayo ni matatizo ya saa, ya matangi na ya baridi. Bidii ya mkulima peke yake haiyamalizi.

Serikali imeweka ushuru mdogo kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani. Ni hatua nzuri, lakini mimi naona imemfikia mwenye kiwanda kabla ya mkulima. Nafuu ile ingeambatana na mkataba wa ununuzi ulioandikwa kabla ya zabibu kuiva, tungekuwa tunazungumza mengine.

Kwa wanaojiandaa na mavuno ya Agosti, nendeni kwa mnunuzi mkiwa kikundi, mapema. Mwulizeni gari litafika siku gani na saa ngapi, ili mchume alfajiri siku hiyo hiyo. Mwulizeni kama anapima sukari ya zabibu, kipimo kinasomwa mbele ya nani, na mwenye zabibu bora analipwa zaidi au bei ni moja kwa wote. Na gari lisipofika, hasara ni ya nani? Jibu la swali hilo liandikwe.