Leseni za Mvinyo Marekani Zinamlinda Nani?

Wageni walikuwa wakifika shambani kwa Juanita Swedenburg, huko Middleburg katika jimbo la Virginia, wanaonja mvinyo wake, wanaupenda, kisha wanarudi makwao. Waliotoka New York wakitaka watumiwe chupa nyumbani, jibu lilikuwa hapana. Sheria ya New York iliwaruhusu wenye viwanda vya humo kumtumia mteja moja kwa moja, lakini mzalishaji wa jimbo jingine alitakiwa kwanza afungue ofisi au ghala New York. Kiwanda cha familia kitapata wapi fedha hizo?

Watetezi wa sheria za aina hii husema kwamba leseni ikiwa ngumu, ulevi hupungua na vijana husalimika. Ni imani iliyoota mizizi, na nia yake ni njema. Msomaji ambaye dini yake inamkataza mvinyo, au aliyeshuhudia nyumba ikibomolewa na pombe, ana kila sababu ya kuikubali. Kwa mvinyo unaotumwa nyumbani, hata hivyo, ushahidi wa kuiunga mkono ni haba.

Swedenburg alikwenda mahakamani. Mei 2005, katika kesi ya Granholm dhidi ya Heald, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4. New York na Michigan, ambayo sheria yake ilipingwa katika kesi hiyo hiyo, zilijitetea kwa hoja ile ile ya vijana. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika uamuzi huo, aliona kuwa ushahidi wao ni haba: majimbo 26 yalikwisha kuruhusu mvinyo utumwe nyumbani, na tatizo la watoto kuununua kwa njia hiyo halikuonekana. Na kama hatari imo ndani ya kifurushi, basi chupa ya New York ingemlevya kijana sawasawa na ya Virginia. Sheria ilijali chupa imetoka wapi kuliko inaingia mikononi mwa nani.

Aliyenufaika ni mtu wa kati. Marufuku ya pombe iliyoanza 1920 ilipofutwa Desemba 1933, majimbo yalipewa mamlaka makubwa juu ya biashara hiyo. Mengi yaliamua kwamba mzalishaji amuuzie mfanyabiashara wa jumla, naye amuuzie mwenye duka. Kulikuwa na sababu ya kweli: kabla ya marufuku, viwanda vya bia vilizishika baa nyingi mkononi na kuzishinikiza ziuze kwa wingi. Lakini mkulima anayekamua zabibu zake mwenyewe hana baa hata moja ya kuishinikiza. Kati ya 1984 na 2002, idadi ya wafanyabiashara wa jumla wenye leseni ilishuka kutoka 1,600 hadi 600, huku viwanda vya mvinyo vikiongezeka na kupita 3,000. Wengi wanasukumana kwenye mlango mwembamba, na mwenye ufunguo hana haja na mtu mwenye makasha machache.

Hata neno “kidogo” limetumiwa vibaya. Baada ya hukumu ile, Massachusetts ilitunga sheria iliyovipa nafuu viwanda vinavyozalisha galoni 30,000 au chini ya hapo kwa mwaka. Ilisikika kama huruma kwa wadogo, ila viwanda vyote vya jimbo hilo vilikuwa chini ya kiwango hicho. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliibatilisha, kwa kuwa ilibagua wa nje.

Mwaka huo huo Massachusetts ilipitisha sheria ya masoko ya wakulima na maonyesho ya kilimo, na hapo ilionyesha kwamba inaweza kufanya vizuri. Mteja huonjeshwa aunsi moja tu kwa kila aina, yaani kama vijiko viwili vya chakula, na hapewi zaidi ya mara tano. Zote zikijumlishwa hazizidi glasi moja. Ada ya leseni haizidi dola 50 kwa mwaka. Kasoro ni kwamba maombi hupelekwa kwa mamlaka ya kila mji, hivyo mwenye kiwanda anayezungukia masoko ya miji sita hujaza karatasi mara sita kwa mvinyo ule ule.

Wabunge wa majimbo na wabakize kinachomlinda mtu: kipimo cha kuonja, saini ya mtu mzima kifurushi kinapopokelewa, adhabu kwa anayemuuzia mtoto. Masharti ya ghala la lazima, dalali wa lazima na karatasi zinazorudiwa mji kwa mji yafutwe.